Rimu 20 kwenye pikapu ya mzigo: plai, namba za ubavuni na upepo, tuelewane hapa

MchukuziMwema
Habari za humu wakuu. Niko na pikapu dabo kebini, tairi ni 265/65R17 na sasa zinaelekea kipara, kwahiyo kubadili ni lazima, na nimeona bora nibadili na rimu kabisa maana hizi za kiwandani nimezichoka. Roho inataka rimu ya inchi 20. Shida ni kwamba gari siyo ya kutembelea tu, siku za kazi inabeba mabomba, nondo, mara jenereta, wikiendi ndo inageuka gari ya familia. Fundi tairi mmoja kaniambia chukua 20, ni kubwa kwahiyo inabeba zaidi. Mwingine kasema we chukua plai 10 funga macho, saizi yoyote. Wa tatu anadai plai 10 itanivunja mgongo nikitembea mtupu. Nani mkweli hapo? Na zile namba za mwisho ubavuni zinasemaje, kwangu imeandikwa 112S.

Shaba_Nyekundu
Weka 20 mkuu, maisha ni hayahaya. Pikapu bila rimu kubwa ni mkokoteni.

Fundi Ekseli
Shaba acha kumpotosha mwenzio, mtu kasema anabeba nondo.

Mchukuzi, aliyekwambia 20 inabeba zaidi kwa sababu ni kubwa hajui anachouza. Kinachobeba gari ni upepo. Tairi kazi yake kuushika huo upepo usitoroke, rimu kazi yake kuishika tairi, basi. Sasa ukipandisha rimu huku kimo cha tairi kikibaki palepale, nafasi ya upepo inapungua maana ubavu umekuwa mfupi. Usiniamini mimi, soma namba. Hiyo 112 yako ndo uwezo wa tairi moja, siyo kilo 112 lakini, ni namba ya kwenye jedwali linalotumika na watengeneza tairi wote, 112 inasimama badala ya kilo 1,120. S ni spidi, mwisho 180 kwa saa. Saizi nayo inasomwa hivi: 265 ni upana kwa milimita, 65 ni ubavu kwa asilimia ya huo upana, 17 ni rimu kwa inchi. Haya chukua saizi tatu ambazo ukizisimamisha pamoja zinalingana kimo, zote zinacheza kwenye milimita 773 mpaka 776: yako 265/65R17 kwa kawaida inakuja na 112, 265/60R18 inakuja na 110 ambayo ni kilo 1,060, afu hiyo 20 unayoililia, 265/50R20, ya kawaida inakuja na 107, kilo 975. Umeona inavyoshuka? Kilo 145 zimepungua kwenye tairi moja, nyuma ziko mbili, hapo 290 zimeyeyuka na hujapakia hata nondo moja. Ipo 20 iliyoongezwa nguvu, inaandikwa XL, inafika 111 yaani 1,090, ila nayo inataka upepo mwingi zaidi ndo ifike hapo, na bado haijaifikia ya kwako ya sasa hivi.

Kwahiyo kabla ya rimu fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika au kibati, tafuta uzito wa mwisho wa ekseli ya nyuma. Tuseme ni 1,850. Gawa kwa mbili, kila tairi 925. Utaangalia 975 utasema mbona inatosha. Subiri kwanza. Tairi ya daraja la gari ndogo ikivalishwa pikapu inashushwa uwezo, kanuni za Marekani zinataka ugawe kwa 1.1 kwa sababu pikapu inayumba na inapakiwa hovyo kuliko gari ndogo. 975 gawa kwa 1.1 unapata 886. Iko chini ya 925. Yaani uko ndani ya uzito halali wa gari, hujazidisha chochote, na tairi tayari imeelemewa. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 112 unapata 1,018, unapumua.

Alafu mzigo haukai katikati kama kwenye karatasi. Mabomba yakitokeza nyuma ya bedi yanaikandamiza ekseli ya nyuma kuliko uzito wake yenyewe, maana yanainua pua ya gari na kile kilichotoka mbele kinahamia nyuma. Ndo maana mimi huwa siangalii tairi inayotosha, naangalia inayobakisha.

MchukuziMwema
Aisee. Nimetoka kuangalia kibati sasa hivi, nyuma wameandika 1,860. Sikuwahi hata kujua kuna maandishi pale. Sasa hii habari ya plai?

Fundi Ekseli
Plai zamani ilikuwa tabaka kweli, tairi zilikuwa za nyuzi za pamba na ukihesabu tabaka unapata namba. Siku hizi ni daraja la nguvu tu, plai 10 ukiipasua hukuti tabaka 10 ndani. Tairi za pikapu zinazoanza na LT zinapewa herufi, kwa saizi nyingi C ni plai 6 na mwisho wake psi 50 (psi ni kipimo cha upepo), D plai 8 psi 65, E plai 10 psi 80.

Chukua LT265/70R17. Iko ya C yenye 112/109 na iko ya E yenye 121/118. Namba ya kwanza ni tairi ikiwa moja upande, ya pili ni zikifungwa mbilimbili kama za lori, wewe soma ya kwanza. 121 ni kilo 1,450. Sasa hapa ndo watu wanapotea njia: E inabeba hizo 1,450 ukiijaza 80. Ukiijaza 50 inabeba 1,120, sawasawa na C iliyojazwa 50. Plai zenyewe hazijaongeza kilo hata moja, zimekupa ruhusa ya kujaza zaidi. Mtu anafunga plai 10, anajaza 35 kama alivyozoea, anapakia tani afu anasema hizi ni plai 10 bwana. Upepo wa 35 unabeba kama 35.

Na kuna kitu mafundi wengi hawakwambii. LT inataka upepo mwingi kuliko tairi ya kawaida ya saizi ileile ili ibebe uzito uleule. Ukitoa za kawaida ukaweka LT afu ukajaza psi za kwenye kibati cha mlango, kimahesabu umeshuka chini ya upepo bila kujijua, kile kibati kiliandikwa kwa ajili ya tairi iliyotoka na gari. Tairi yenye upepo mdogo ubavu unakunjika kila mzunguko, unakunjika unachemka, ongeza jua, ongeza mzigo, ongeza spidi ya lami, inapasuka ama kashata, yale matofali ya mpira yanayokanyaga chini, zinabanduka zinakufuata kwenye kioo. Tairi nyingi zinazoitwa feki zimekufa kwa njia hiyo.

Mkono wa Lami
Hapo kwenye feki umenigusa mkuu. Jamaa yangu ana hizo E, anajaza 80 mwaka mzima, mzigo anabeba mara mojamoja. Kashata za katikati zimeisha kabisa, za pembeni bado zinang'aa. Anataka kumrudishia muuzaji anasema kauziwa feki.

Fundi Ekseli
Amwache muuzaji wa watu. Mtupu nyuma ya pikapu hamna uzito wa kuilaza tairi ya psi 80, inasimama kwa tumbo la katikati tu, inadunda kwenye matuta na mvua ikinyesha inateleza maana haijagusa chini vizuri. 80 iliyoandikwa ubavuni ni mwisho wake, siyo agizo. Apeleke gari mizani, apime kila ekseli peke yake ikiwa mtupu, afu siku amepakia mzigo wake wa kawaida apime tena. Kampuni za tairi zinatoa jedwali la saizi na psi na kilo, anasoma uzito wake anaongeza kidogo juu. Atagundua kuna psi za mtupu na psi za mzigo, na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari inamaliza kazi yenyewe. Na upepo unapimwa tairi ikiwa baridi, siyo umetoka safari unaona umepanda unapunguza.

Dada Tandiboi
Nawasoma nacheka. Singo kebini yangu inavaa 205R16C, nyembamba mpaka watoto wanaicheka, ubavuni imeandikwa 110/108, plai 8. Rudini juu kwa Fundi msome tena. 110! Ni ileile 1,060 ya 265/60R18 ya watu wa mapozi. Tofauti yangu inajazwa mpaka 65, yao ni tairi laini ya psi thelathini na kitu. Hata ile 195R15C ya plai 8 ina 106, hiyo ni 950, imepungukiwa kilo 25 tu na 20 ya 107. Na kwenye tope langu hili la kutelezea chini kuna ardhi ngumu, nyembamba inakata inafika chini, pana inaelea juujuu. Mnalipia upana wa nini?

Shaba_Nyekundu
Tunalipia heshima dada.

Fundi Ekseli
Dada Tandiboi kwenye kubeba sikupingi hata kidogo, na hiyo herufi C mwishoni mwa saizi wasomaji wasiichanganye na C ya plai 6, hii ya kwake ina maana tairi ya kibiashara. Ila usiseme upana hauna kazi. Kwenye mchanga pana ukiipunguza upepo inatambaa pale ambapo ya kwako inachimba kaburi, na kwenye lami kona kali na mzigo juu ya bedi, tairi nyembamba yenye ubavu mrefu inakupa wasiwasi. Gari ya kazi ya mwendo wa polepole, ya kwako ni sahihi kuliko zetu wote. Dabo kebini inayopakia familia na kukimbia kilomita 110 kwa saa barabarani hapana, angalau mimi siifungii.

Dada Tandiboi
Nakubali nusu.

Kona Kali
Mimi nakuja na jingine. Hilux ina 265/65R17, nataka 285/70R17 na rimu pana zinazotoka nje kidogo. Kuna mtu ananiuzia rimu zilizotoka kwenye Ranger, kanihakikishia zote ni nati 6 kwa 139.7, yaani nati sita kwenye duara la milimita 139.7, zinaingia. Na mwingine ana rimu 9J (upana inchi 9) ofseti sifuri. Nichukue zipi?

Fundi Ekseli
Za Ranger kapime kabla hujatoa hela. Ni kweli zote 6 kwa 139.7, matundu ya nati yatalingana, lakini tundu la katikati la Ranger ni milimita 93.1 na habu ya Hilux inataka 106. Rimu itagonga kwenye habu haitakaa. Utakuja mtu mwenye tochi na lathe akwambie tunatanua kidogo, sasa anatanua rimu ambayo itabeba nondo, fikiria. Kinyume chake, rimu ya Hilux kwenye Ranger inaingia ila inabaki inaning'inia kwenye nati bila kukaliwa na habu, inataka ringi ya kuziba hiyo nafasi. Na Navara nyingi ndo kabisa, ni 6 kwa 114.3, hata matundu ya nati hayakutani.

Hizo 9J ofseti sifuri, tupige hesabu maana watu wanazifunga bila kupima. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapogusa habu. Ya Hilux ya aloi ya 17 ni 7.5J ofseti 30. Nusu ya upana wake ni milimita 95, toa 30, ukingo wa nje uko 65 kutoka kwenye habu. 9J nusu yake ni 114, ofseti sifuri hutoi kitu, ukingo uko 114. Rimu imetoka nje milimita 49. Karibu sentimita 5 kila upande! Hiyo siyo kidogo. Kwanza beringi za mbele zinabebeshwa kwa mkono mrefu zaidi, pili usukani unakuwa mzito na kila shimo unalisikia mkononi, tatu ukikata kona tairi inapita njia pana zaidi inakula plastiki za fenda na ile kona ya bodi chini ya mlango. Ukibakiza 8J ofseti kama 20 hivi unapata sura unayoitaka na beringi zinakushukuru. Spesa, zile sahani za kusogeza rimu nje, ndo usinitajie, kwa gari ya mzigo.

Kona Kali
Na 285/70R17 yenyewe?

Fundi Ekseli
Kimo chake kinapatikana hivi: 285 mara 0.70 ni 199.5, huo ubavu, uko juu na chini kwahiyo mara mbili ni 399, ongeza rimu, 17 mara 25.4 ni 431.8. Jumla 831. Ya kwako 265/65R17 ni 776. Imeongezeka asilimia 7. Gari imeinuka nusu ya tofauti, milimita 27, siyo 55 kama watu wanavyotangaza.

Hiyo 7 inaenda kila mahali. Gia zote zimekuwa ndefu kwa asilimia 7, kwenye mlima na mzigo utaisikia, breki zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi kwa diski zilezile, na spidomita ikisoma 100 gurudumu limetembea 107. Gari nyingi zinatoka kiwandani spidomita inazidisha kidogo makusudi, kwa sababu kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu isome chini ya mwendo halisi, kwahiyo tofauti yako kamili pengine itakuwa pungufu ya 7, lakini ule ulinzi umeshaula wote. Na kilomita zako za sevisi zinahesabiwa pungufu, mafuta yataonekana yanaliwa kuliko yanavyoliwa. Mimi mwenye gari ya mzigo simvushi zaidi ya asilimia 3 au 4 bila kugusa kitu kingine. Wa matembezi afanye atakavyo.

Mkono wa Lami
Kuna fundi kanambia ukiongeza springi moja ya majani nyuma unaongeza uzito wa gari kubeba. Kweli?

Fundi Ekseli
Gari haitakaa matako chini, hilo tu. Ekseli, breki, chesisi na kibati havijaongezeka. Tena ni hatari kwa namna yake maana gari ikikaa vizuri unasahau umezidisha.

Jicho la Mnunuzi
Wote mnaongelea tairi, mbona hamsemi uwezo wa rimu zenyewe? Geuzeni rimu, mgongoni kwa ndani kwenye miguu yake au karibu na habu kuna maandishi yamechongwa, MAX LOAD na kilo au pauni. Mimi nikienda kuangalia rimu za mtu naenda na tochi na kitambaa, nafuta vumbi la breki nasoma hapo kwanza kabla sijaangalia urembo. Rimu nyingi nzuri za macho zimeandikwa 690. Mara mbili ni 1,380, na ekseli ya Mchukuzi ni 1,860! Unaweka tairi ya 121 juu ya rimu ya 690, umefanya nini sasa. Kwa zile za viwango vya Kijapani angalieni pia herufi, JWL ni za gari ndogo, JWL-T ndo za malori na magari ya mzigo. Rimu isiyo na maandishi yoyote mgongoni mimi naiacha dukani, hata iwe inang'aa vipi.

Fundi Ekseli
Hapo umenisaidia, nilikuwa nakuja huko. Ongezea na vali. Ile vali ya mpira ya kawaida ya kusukumiza kwenye tundu mwisho wake ni psi 65. Mtu anafunga tairi za E, anajaza 80 kwenye vali ya psi 65. Omba ya chuma au ile ya mpira iliyotengenezwa kwa 80, ni kitu kidogo sana dukani, usikubali wakuambie zote sawa.

Jicho la Mnunuzi
Na nati! Toyota nyingi zenye aloi ya kiwandani zinatumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu za kununua nyingi tundu lake ni la koni. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, unaikaza inaonekana imekaza, baada ya muda gurudumu linaanza kucheza. Ukinunua rimu ulizia nati zake hapohapo. Na kukaza ni kwa spana ya kupima nguvu kwa kipimo cha kitabu cha gari, siyo kurukia spana kwa miguu miwili wala ile mashine ya upepo mpaka ilie, alafu ukitembea kilomita 50 mpaka 100 unarudi unakagua tena, aloi mpya inajikalisha.

Shaba_Nyekundu
Mnatutisha bure. Nina 20 nimetembea nazo na sijapata shida.

Dada Tandiboi
Unabeba nini wewe?

Shaba_Nyekundu
Viti vya plastiki na spika 😂

Dada Tandiboi
Basi uko sahihi kabisa kaka, endelea nazo.

MchukuziMwema
Wakuu nimerudi na majibu ya mizani. Mtupu nyuma ni 830, nikiwa na mabomba na vifaa vyangu vya siku zote 1,690. Yaani nilikuwa najiona nabeba kidogo. Nimegeuza na rimu za kiwandani, zimeandikwa kilo 1,100 kila moja. Bado naitamani 20 lakini nafsi imeanza kuogopa. Nimeona LT265/70R17, je zinakaa kwenye rimu hizihizi na nichukue C au E?

Fundi Ekseli
Vizuri, sasa tunaongea na namba. Nyuma ukiwa na mzigo kila tairi inabeba 845, kibati kinakuruhusu mpaka 930, rimu inasema 1,100. LT265/70R17 inakaa kwenye rimu ya upana wa inchi 7 mpaka 8.5, ya kwako ikiwa 7.5 iko ndani. Kimo chake 803, umepanda asilimia 3 na nusu hivi kutoka 776, spidomita ikisoma 100 ni kama 103. Gari itainuka milimita 13.

Kati ya C na E, kwa uzito huo C kwenye 50 inakupa 1,120, inatosha na inabakisha. Ni nyepesi, ubavu wake unakunjika vizuri ukiwa na familia, breki na shokapu zitakushukuru. E ningekuambia uchukue kama njia zako ni za mawe makali yanayotoboa ubavu, au kama ungekuwa na gari ambalo kibati chake cha nyuma kinapita huo uwezo wa C. Na huwezi kuitumia yote, hiyo E ya 1,450 ukiifunga kwenye rimu ya 1,100 wewe ni mtu wa 1,100. Ukiwa mtupu shusha upepo wa nyuma kwa kufuata jedwali la hiyo tairi utakayonunua, psi za mtu mwingine wa saizi nyingine usizichukue.

MchukuziMwema
Milimita 13 tu? 😩 Hiyo si unene wa kidole.

Fundi Ekseli
Ndo hiyo. Ila ubavu umeongezeka na tairi yenyewe ina kashata nene, kwa macho gari itaonekana imejaa kwenye fenda kuliko namba inavyosema. Hizo rimu kama zimekuchosha wape watu wa rangi wazipige nyeusi, hela iliyobaki nunua tairi tano.

Kona Kali
Tano?

Fundi Ekseli
Na spea. Fowili zile za kuingiza kwa mkono ukiwa na tairi moja ya kimo tofauti ukaifunga ukaingiza fowili kwenye ardhi ngumu, ekseli ya mbele na ya nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti zinavutana, gia boksi ya kati ndo inalipa. Saizi moja, aina moja, na mkinunua soma tarehe, tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na DOT, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Inaandikwa upande mmoja tu kwenye tairi nyingi kwahiyo usipoiona zunguka ndani. Tairi iliyokaa stoo miaka sita ikiwa na kashata zote inauzwa kwa jina la mpya.

Jicho la Mnunuzi
Na mseto wa mbele ya kawaida nyuma LT je? Nimeona watu wanafanya kubana matumizi.

Fundi Ekseli
Gari ya kuendesha magurudumu mawili inavumilika ingawa inakuwa na tabia mbili barabarani, nyuma ngumu mbele laini. Ya fowili sifungi. Hata saizi iliyoandikwa ikiwa moja, kimo halisi kinatofautiana kati ya kampuni na kampuni.

MchukuziMwema
Sawa, naenda na LT265/70R17 C tano, rimu nabaki nazo. Swali la mwisho, spea ya saizi hiyo itaingia chini ya bedi? Kile kimnyororo kinaonekana kifupi.

Fundi Ekseli
Pima kabla hujalipa hiyo ya tano. Shusha ya zamani, pima pale ilipokuwa inakaa kutoka ekzosi mpaka chesisi upande wa pili, unahitaji nafasi ya milimita 803 na kidogo cha kucheza, afu angalia na unene, LT ya kashata nene inaning'inia chini zaidi kidogo. Kwenye nyingi inaingia. Ikigusa ekzosi usiilazimishe, joto litaikausha ubavu na siku unaihitaji utaikuta imepasuka nyufa, itafutie mahali juu ya bedi nyuma ya kebini. Na ijaze upepo wa mzigo palepale siku ya kuifunga, ya chini ya bedi hakuna anayeikumbuka.